Kaka yangu alianguka kutoka mkarafuuni: alipooza kwa kuanguka au kwa namna alivyobebwa?

Mtambwe Kusini
Assalaam aleikum wanajukwaa. Naomba elimu, na naomba tujadiliane kwa utulivu, kwa sababu jambo hili limeigawa familia yetu.

Msimu uliopita kaka yangu alipanda mkarafuu mrefu, tawi alilokanyaga likakatika, akaanguka na kutua kwa matako. Waliomfikia mwanzo wanasema alikuwa akiongea vizuri na kwamba alichezesha vidole vya mguu wa kulia. Vijana wanne wakamnyanyua, wawili wakashika mikono na wawili miguu, kiuno kikining'inia katikati, wakamtoa shambani hadi barabarani, kisha akalazwa juu ya magunia nyuma ya gari dogo la mizigo. Alipofika hospitali hakuweza kuchezesha kitu chochote kuanzia nyonga kwenda chini. Picha zilionyesha kuwa pingili ya kwanza ya kiuno imepasuka na vipande vyake vimesukumwa ndani ya mfereji wanamopita neva.

Nyumbani sasa kuna kauli nne. Ami yetu anasema waliombeba ndio waliomlemaza. Vijana wenyewe wanasema kuanguka kulikuwa kumeshamaliza kila kitu. Mama anasema upasuaji ulichelewa. Na wapo majirani wanaosema ni husuda, kwa kuwa mwaka huo alichuma kuliko wenzake. Mimi naelekea kwenye kauli ya ami, lakini nataka kuwasikia wenye ujuzi. Swali la pili: ameruhusiwa na yuko nyumbani, je, tumtunze vipi?

Mganga Mstaafu
Waaleikum salaam, na pole sana kwa familia.

Ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, huumia kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni ule wakati mfupa unapoubana au kuuchana. Awamu ya pili huja katika saa na siku zinazofuata: damu huvujia ndani, ugwe huvimba ndani ya mfereji wa mfupa usioweza kutanuka, mishipa midogo ya damu hujifunga, na seli zilizonusurika mwanzoni huanza kufa kwa kukosa oksijeni. Presha ya mgonjwa ikishuka katika saa hizo, hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akachezesha vidole shambani na akashindwa hospitalini, hata kama angebebwa juu ya ubao na watu waliofunzwa kazi hiyo. Nisingewalaumu vijana wale.

Zamu ya Usiku
Ninafanya kazi ya uuguzi katika wodi ya mifupa, na kwa heshima zote sikubaliani na uzito alioupa Mganga Mstaafu. Maelezo yake ya awamu mbili ni sahihi, lakini pingili iliyopasuka haina tena uwezo wa kujishikilia. Mtu akiinuliwa kwa mikono na miguu, kiuno hujikunja mahali palepale palipovunjika, na kipande cha mfupa kilichokuwa kimegusa tu ugwe kinaweza kuuponda.

Namna ya kumnyanyua ni hii, na naiandika kwa sababu msimu mwingine utafika. Mmoja hushika kichwa na kukilinganisha na mwili, naye ndiye anayetoa amri. Watatu hupiga magoti upande mmoja, mmoja akishika bega, mmoja nyonga, mmoja miguu. Kwa hesabu ya pamoja humgeuza mgonjwa ubavu akiwa kitu kimoja, kichwa, mabega na nyonga vikizunguka kwa wakati mmoja, ubao au mlango uliong'olewa husukumwa chini ya mgongo wake, kisha hurudishwa taratibu na kufungwa kwa kanga au kamba pana kifuani, nyongani na miguuni. Kama anapumua vizuri na mahali alipo hapana hatari, ni bora asubiri ubao kuliko aondolewe haraka.

Fundi Vyuma
Mlango uliong'olewa ni shauri zuri, ila kuna jambo limeachwa. Shemeji yangu aliachwa juu ya ubao mgumu tangu asubuhi hadi usiku katika hospitali moja, kila mtu akidhani unamlinda, na alipoondolewa tayari alikuwa na kidonda juu ya mfupa wa chini ya kiuno kilichomlaza kitandani muda mrefu kuliko kuvunjika kwenyewe. Ubao ni wa kusafirishia tu.

Zamu ya Usiku
Ni kweli kabisa, Fundi Vyuma. Mgonjwa akifika hospitali aondolewe kwenye ubao mapema iwezekanavyo, na godoro la kawaida linatosha ilimradi ageuzwe kwa utaratibu.

Mwalimu wa Fizikia
Kuna maelezo ya tatu ambayo hamjayataja. Tunajuaje kwamba vidole vilicheza? Watu waliomwona ndugu yao akianguka hukumbuka mambo kwa hofu na kwa matumaini. Isitoshe, baada ya ugwe kuumia huweza kutokea hali ambayo misuli hulegea kabisa na maitikio yote hupotea kwa muda wa siku au wiki kadhaa, kisha baadhi yake hurejea. Hivyo alivyoonekana siku ile alipofika hospitali si kipimo cha mwisho cha kilichoharibika. Mleta mada, je, madaktari walimpima hisia sehemu ya haja kubwa? Hilo ndilo linalotofautisha jeraha kamili na lisilo kamili, na wenye jeraha lisilo kamili wana nafasi kubwa zaidi ya kurejesha nguvu.

Mtambwe Kusini
Walimpima. Anahisi mguso upande mmoja, na mguu wa kulia anahisi joto la mkono ukimshika pajani. Kuhusu vidole, aliyesema ni mtoto wa ami, naye ni mtu mkweli.

Tarime Nyumbani
Poleni. Naomba nipanue mada kidogo, kwa sababu tukizungumza kana kwamba kila aliyepooza miguu alianguka au aligongwa, tutawasahau wengine. Kwetu Tarime, mwaka 1985, wakati wa ukame, watu waliamka na miguu iliyokakamaa bila ajali yoyote. Ni ugonjwa wa konzo, unaotokana na sumu ya sianidi iliyomo katika mihogo michungu. Wakati wa njaa watu walifupisha hatua za kuitayarisha, mihogo ikakaa siku chache tu juani badala ya kuvundikwa na kulowekwa ipasavyo, na milo yao haikuwa na protini ya kuusaidia mwili kuiondoa sumu. Waathirika wengi walikuwa watoto na kina mama. Nimekua nikimwona jirani yetu akitembea kwa fimbo mbili, magoti yakigusana na visigino vikiwa juu, na wazee walikuwa wakisema alivuka mto uliofanyiwa mambo.

Mkaazi wa Nampula
Salaam kutoka kusini ya Ruvuma. Kwetu Msumbiji ilitangulia, mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula, nasi tunaiita mantakassa. Waliohesabiwa walipita 1,000. Naongeza jambo moja: mihogo mitamu haiwaponyi watu kwa utamu wake, bali kwa kuwa sumu yake ni kidogo; na katika ukame sumu huongezeka katika mihogo yote.

Mganga Mstaafu
Mchango mzuri. Niongeze kwamba konzo huja ghafla, mara nyingi katika siku moja, huathiri miguu yote miwili kwa usawa, na haiendelei kuzidi baada ya hapo ingawa ulemavu hubaki. Tena mgonjwa wa konzo hapotezi hisia za ngozi wala uwezo wa kuzuia mkojo kama aliyevunjika pingili, kwa hiyo matunzo yake ni tofauti. Kinga yake ni rahisi: unga wa mihogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili gesi ya sumu itoke, kisha hupikwa ugali siku ileile.

Siha Juu
Nami naomba kuleta kesi ya mama yangu mzazi. Alianza na maumivu katikati ya mgongo, tukamchua kwa mafuta. Yakaja majasho ya usiku, akakonda, kibyongo kikajitokeza taratibu, kisha miguu ikaanza kuwa mizito hadi akashindwa kuinuka. Tulikuwa tumeshamtafutia mtu wa kumsomea wakati kijana mmoja wa zahanati alipomgusa kile kibyongo na kusema apelekwe hospitali ya Kibong'oto. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hakuwahi kukohoa hata mara moja. Alimeza dawa kwa mwaka mzima, akavaa mkanda mgumu, na leo anakwenda shambani kwa miguu yake. Kwa hiyo wale majirani wa husuda, mleta mada, uwaambie wapo watu wanaopoteza miguu kwa kusubiri tiba isiyohusika.

Mwalimu wa Fizikia
Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliyaandika haya mwaka 1779: kibyongo na miguu kupooza. Leo kupooza kwa aina hiyo kunaweza kurudi nyuma kwa vidonge. Na kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho pia huweza kutaga mayai yake kwenye ugwe wa mgongo. Kijana anayeoga ziwani akipata maumivu ya kiuno, mkojo ukagoma na miguu ikalegea, madaktari wakumbushwe kulifikiria hilo.

Mchuma Mnazi
Naona uzi umesafiri kutoka Pemba hadi Nampula na sasa uko ziwani. Tumrudishe nyumbani, ndugu yetu wa Mtambwe anangoja jibu la swali la pili.

Magurudumu Mawili
Nilikuwa nasoma kimya, lakini swali la pili ni langu. Nilivunjika pingili za kifua kwa ajali ya bodaboda Dodoma, tulikuwa tumepakiwa mishkaki, na tangu hapo natumia kiti mwendo. Nimewazika wenzangu niliolazwa nao wodi moja, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa sababu ya miguu. Walikufa kwa vidonda, na walikufa kwa figo.

Tuanze na ngozi. Kaka yako hasikii pale mwili unapobanwa, kwa hiyo hawezi kujigeuza usingizini kama wewe. Akiwa kitandani mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku na mchana: chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, mto ukiwekwa kati ya magoti na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee bila kugusa godoro. Akiwa kwenye kiti, kila nusu saa ainame mbele sana au aegemee upande mmoja, kisha mwingine, kwa dakika moja au mbili. Asikae juu ya kiti kitupu hata siku moja; atafutiwe mto maalumu.

Asubuhi na usiku mimi hujikagua kwa kioo cha mkono, nikiangalia makalio, mfupa wa chini ya mgongo, nyonga, visigino na vifundo. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu, hautauona vizuri. Mimi hupitisha mgongo wa vidole: pakiwa na joto kuliko jirani yake, pakiwa pagumu au pamevimba kama tope, au rangi imekolea na haibadiliki nikibonyeza, sikalii sehemu hiyo tena mpaka irudi hali yake. Kidonda huanzia ndani kwenye mfupa, na kinapotoboka juu huwa kimeshakula nyama nyingi.

Zamu ya Usiku
Magurudumu Mawili ameeleza kuliko vitabu vyangu. Katika mkojo naongeza hivi. Kibofu chake huenda hakitoi taarifa kwamba kimejaa. Mkojo ukikaa humo huzaa wadudu, na shinikizo likizidi hurudi kwenye figo. Njia inayopendekezwa ni kujitoa mkojo kwa mpira safi kila baada ya saa 4 hadi 6, akinawa mikono kwa sabuni na kupaka jeli, na kila mara usizidi mililita 500 au hivi. Ukizidi, aongeze mara. Mpira wa kudumu huleta maambukizi na mawe.

Mchuma Mnazi
Muuguzi, hapo naomba kupinga. Mjomba wangu alipangiwa njia hiyo ya kujitoa, lakini mipira ilikuwa ya kununua mjini, mikono ilikuwa ya shamba, na maji yalikuwa ya kisima. Aliumwa homa mfululizo hadi alipowekewa mpira wa kudumu unaopita juu ya kinena, unaobadilishwa kliniki kwa ratiba. Ushauri mzuri kwa mwenye bomba ndani unaweza kuwa mbaya kwa asiye nalo.

Magurudumu Mawili
Mimi hutumia mpira mmoja zaidi ya mara moja, nikiuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, nikiukausha na kuuhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Najua wapo wataalamu wanaosema kila mpira utumike mara moja tu, na wapo wanaoruhusu hivi ninavyofanya. Figo zangu hupimwa kila mwaka na ziko salama, lakini sisemi kwamba mjomba wako alikosea.

Bi Mkubwa wa Chake
Wanangu, kwetu mtu akianguka hukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa. Nimewaona waliosimama baada ya kuchuliwa. Kwa nini hilo halitajwi?

Zamu ya Usiku
Shikamoo Bi Mkubwa. Kunyoosha viungo kila siku kunahitajika sana, ili magoti na vifundo visikakamae, na mikono ya kina mama wetu inaijua kazi hiyo. Ninachoomba ni maji ya moto yaachwe. Miguu isiyohisi haisemi kwamba inaungua, na nimehudumia majeraha ya moto ya ndani sana yaliyotokana na kitambaa cha kukandia na hata chupa ya maji ya moto iliyowekwa kwa mapenzi. Na mgongo uliovunjika usichuliwe kabla mfupa haujaunga.

Kisauni Pwani
Hamjambo kutoka Mombasa. Nyinyi mnaozungumzia kugeuzwa kila saa 2, mjue jambo hilo lilianza kama mapambano. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia aliyevunjika mgongo alihesabiwa kuwa maiti anayengoja. Mwaka 1944 Mwingereza Ludwig Guttmann alifungua wodi huko Stoke Mandeville, akalazimisha wagonjwa wageuzwe kila saa 2, mkojo ushughulikiwe kwa usafi, na kila mmoja apewe kazi na michezo. Mwaka 1948 akafanya mashindano ya upinde kwa askari walio kwenye viti, na kutoka hapo ikazaliwa Paralimpiki. Kwetu ipo hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo huko Nairobi, lakini moja kwa nchi nzima haitoshi.

Mwalimu wa Fizikia
Ahsante. Sahihisho dogo tu: Guttmann alikuwa Mjerumani wa asili ya Kiyahudi, mkimbizi aliyefika Uingereza mwaka 1939.

Nirudi kwa mama wa mleta mada, kwani kauli yake haijajibiwa. Kuchelewa kwa upasuaji nako ni hoja. Wapasuaji wengi hupendelea kuondoa shinikizo kwenye ugwe ndani ya saa 24 pale inapowezekana.

Mganga Mstaafu
Pale inapowezekana, Mwalimu. Mgonjwa anayevuka bahari kutoka Pemba, anayesubiri kipimo cha MRI na kisha vyuma vya kununua, mara chache hufika ndani ya saa 24. Na kama mfupa ulishauponda ugwe shambani, upasuaji wa mapema ungesaidia kuunyoosha mgongo na kumwezesha kukaa mapema, si lazima ungerudisha miguu. Wengine wataleta hoja ya sindano za steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, kwa dozi kubwa ndani ya saa 8. Tulizitumia sana zamani, lakini mwongozo wa wapasuaji wa neva wa Marekani wa mwaka 2013 ulipendekeza zisitumiwe, kwa sababu ya madhara, na mabishano yanaendelea hadi leo.

Mke wa Mtu
Naomba kuuliza bila kuvunja heshima. Mume wangu alipooza miguu na bado hatujajaliwa mtoto. Je, mlango umefungwa?

Zamu ya Usiku
Haujafungwa, dada yangu. Mwanamume aliyeumia uti wa mgongo anaweza kusaidiwa kwa dawa katika tendo la ndoa, na mbegu zinaweza kupatikana kwa njia za kitabibu pale zisipotoka zenyewe. Mwanamke aliyepooza naye hushika mimba kama kawaida, ila awe karibu na hospitali, kwa kuwa huenda asihisi uchungu ukianza. Muone daktari mkiwa wawili.

Fundi Vyuma
Nataka tuzungumzie kinga, maana mikarafuu bado iko. Fundi wa minara ya simu hapandi bila mkanda uliofungwa juu yake, lakini mchumaji hupanda mti ambao matawi yake yanajulikana kwa wepesi wa kukatika, akivuta vikonyo kwa upembo, ule mti wenye ncha ya kulabu, huku mkono mmoja ukiwa kazini. Mkanda wa kiuno na kamba iliyopitishwa kwenye shina kuu, si kwenye tawi, ni kitu ninachoweza kukishona kwenye karakana yangu. Na mikarafuu inayopandwa sasa ipogolewe mapema isirefuke.

Mtambwe Kusini
Nimewasomea nyumbani uzi huu wote baada ya magharibi. Mama ametulia kidogo. Ami anasema maneno ya Zamu ya Usiku yanathibitisha kauli yake, na vijana wanasema ya Mganga Mstaafu yanathibitisha yao, hakuna aliyehama. Tumekubaliana juu ya kioo, zamu za kumgeuza na mto wa kiti. Fundi, tafadhali nitumie ujumbe kuhusu mikanda. Swali langu la mwisho: jana alipata kichwa kikali na jasho jingi, je, ni ile hatari ya presha niliyosoma mahali?

Magurudumu Mawili
Hiyo ya presha kupanda ghafla huwapata sisi tulioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu. Wa kwetu hukalishwa wima mara moja, nguo hulegezwa na kibofu hukaguliwa. Kaka yako ameumia chini ya hapo, kwa hiyo tafuteni sababu nyingine, na ya kwanza ni maambukizi ya mkojo. Mpimeni joto leo hii. Akiwa na homa, au mkojo umekuwa mzito na wenye harufu kali, apelekwe leo na wachukue sampuli kabla ya kuanza dawa, asisubiri siku ya kliniki.